Aliyekaa Mlangoni pa Upepo

Simeoni Kitundu aliugua maneno. Watu wengine huugua mgongo, wengine malaria. Yeye akipata mstari mzuri alipiga paja kofi akacheka peke yake, iwe shambani, iwe kanisani katikati ya sala. Mkewe Lea alikwisha zoea. Mgeni akishtuka, Lea humtuliza: "Usiogope ndugu yangu, si pepo. Amepata ubeti."

Walihamia Itundu mwaka wa 1968, pamoja na jamaa wengine walioitikia wito wa kuishi pamoja na kulima shamba moja. Itundu ni kijiji kilichokaa chini ya ukuta wa milima ya Sekenke, pale nchi ya Iramba inapokatika ghafla na kuteremka hadi mbuga ya Wembere. Ukisimama uani unaona kwa mbali mabati ya Shelui yakimetameta, na vumbi la malori yaendayo Nzega. Wenyeji wa asili walikuwa kaya chache tu. Waliobaki walikuwa wahamiaji kama Simeoni, ambaye kwao ni upande wa Kiomboi, na ambaye ujana wake ulipita katika shule ya bweni, kisha katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba huko Usukumani. Alikuwa na cheti cha darasa la nane, kalamu ya wino, na sauti nyembamba isiyofika hata safu ya pili ya mkutano. Kwa hiyo yeye alitunga ngonjera, na wengine walizisema.

Msemaji mkuu alikuwa Leonidas, mtu mwenye kifua kama pipa. Baba yake aliwahi kuchimba dhahabu Sekenke enzi za wakoloni, na watu walisema sauti ile Leonidas aliirithi kwa mzee, aliyezoea kuita wenzake kutoka chini ya shimo. Leonidas akisema "Ndugu wananchi", kuku huacha kudonoa.

Sasa mwaka wa 1970, mavuno yakiwa yanaingia, Mwenyekiti Marko alirudi kutoka mkutano wa wilaya na habari kubwa. Sikukuu ya Saba Saba vijiji vingeshindana kwa ngonjera katika uwanja wa Singida mjini, mbele ya mkoa mzima. Lori moja lingetolewa kwa Itundu.

Simeoni hakulala vizuri tangu siku hiyo. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtoto aliyeahidiwa nguo ya Krismasi. Singida mjini! Mkoa mzima! Akaandika upesi, akaita kikundi cha ngonjera chini ya kibanda cha ofisi ya kijiji, akasoma kwa sauti yake nyembamba:

Mawimbi ya baharini, yapiga kwa mashindano,
Minazi ya ufukweni, yainama kwa maneno…

Alipoinua macho aliona watu wakitazamana. Wengine walitazama vidole vyao vya miguu.

"Simeoni ndugu yangu," alisema Leonidas, "mnazi ni mti gani?"

"Ni mti mrefu. Una matawi juu tu, kama mvumo."

"Umeuona?"

"Nimeusoma."

Kikundi kikacheka hadi kina mama waliokuwa wakipita na kuni wakasimama kuuliza kulikoni. Leonidas mwenyewe hakucheka.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Mwaka jana nilikwenda Shelui na maneno yako ya mashua na matanga. Nikapaza sauti. Watu wakapiga miayo. Mzee mmoja akaniuliza kama matanga ninayoyasema ni ya marehemu yupi. Nilivumilia kwa sababu wewe ni rafiki yangu. Lakini kinywa hiki ni changu. Sitasema tena kitu nisichokijua."

"Lakini ndivyo mashairi yanavyotungwa!"

"Basi mwambie mnazi ayaseme."

Mwenyekiti Marko alikuwa mtu wa haki, asiyependa maneno mengi. Alisema uamuzi wake palepale. Vijana wa mpira nao walililia lori lile. Timu ya Singida ilikuwa imewaalika kucheza siku hiyohiyo. Kama uwele wa kijiji ungekwisha kupurwa na kupepetwa kabla ngonjera ya kusemeka haijapatikana, nafasi ingekwenda kwa vijana wa mpira.

"Ngonjera ya kusemeka," alirudia. "Na msema kweli wetu ni Leonidas. Akikubali, mtakwenda. Akikataa, basi."

Hapo mimi sioni kosa la mwenyekiti wala la Leonidas. Mtu anayeandika asichokijua ni sawa na anayeuza ng'ombe wa jirani: hata bei ikiwa nzuri, mali si yake. Lakini Simeoni hakuona hivyo. Alikumbuka mwalimu wake wa bwenini aliyezoea kusema kwamba mshairi hujitenga, akaenda mahali pa juu, akatulia, na maneno yakamjia. Akaona tatizo lake ni kelele za kijiji. Alihitaji mahali pa juu.

Na mahali pa juu palikuwapo. Nyuma ya Itundu, kwenye ukingo wa mlima, kuna majabali mawili makubwa yaliyosimama kama miimo ya mlango, na kati yake nafasi ya kupita mkokoteni mmoja. Asubuhi iliyofuata, wenzake walipokuwa wakibeba masuke kupeleka uwanja wa kupuria, Simeoni alipanda kwa njia ya mbuzi, akaketi katikati ya ile nafasi, akaning'iniza miguu.

Loo! Nani asingefurahi? Mbuga ya Wembere ilitandazwa mbele yake yote, rangi ya ngozi ya simba, na kwa mbali sana mahali palipong'aa peupe kwa chumvi na maji yaliyosalia. Upepo wa mashariki ulimsukuma mgongoni, ukapita kwapani mwake, ukateremka kijijini. Tai alipita chini ya miguu yake. Chini yake! Simeoni alipiga paja kofi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Hapa!" alisema kwa sauti. "Hapa ndipo maneno yanapozaliwa!"

Akaandika: Ewe bonde la milele. Akafuta. Akaandika: Ewe upeo wa macho. Akafuta. Jua likapanda. Kila alichokiona kilikuwa kizuri mno, na kila alichokiandika kilikuwa kama kimetoka katika kitabu cha shule. Hata hivyo hakukata tamaa. Kesho yake akapanda tena, na kesho kutwa, kila mara akiwa na hamu mpya, kila mara akimwambia Lea, "Leo ndiyo leo."

"Na uwele?" aliuliza Lea, fimbo ya kupuria begani.

"Nitakuja mchana."

"Mchana gani, Baba Andrea? Wa mwaka gani?"

Uvivu una nguo nyingi, na nguo yake nzuri kuliko zote ni kujiita kazi. Simeoni hakuwa mvivu wa kuzaliwa. Lakini alikuwa amelivaa vazi lile, na likamkaa vizuri, wala hakujua.

Kisha upepo ukakoma.

Upepo wa mwezi wa sita haukomi katika nchi ile. Ndio unaotenga chakula na makapi. Watu wa Itundu walikuwa wamekwisha kupura nusu ya uwele wa kijiji, chungu kubwa ya punje zilizochanganyika na makapi yanayowasha mwili, wakingojea tu kuinua nyungo na kumwaga. Sasa wakainua nyungo, na kila kilichomwagwa kikaanguka palepale, punje na kapi pamoja. Walijaribu asubuhi. Walijaribu alasiri. Kina mama wakapiga miluzi ya kuuita upepo, kama walivyofanya mama zao, lakini jani halikutikisika. Vihenge vya mwaka jana vilikuwa vimebaki na vumbi. Kulikuwa na nyumba ambazo tayari zilikula mlenda bila ugali.

Na kila mtu alipoinua macho kuutazama mlima, alimwona mtu ameketi.

Aliyempandia alikuwa Bibi Kristina, mwenyeji wa asili, mkristo wa siku nyingi, mwenye miguu myembamba na ulimi usio na kitambaa. Simeoni alisikia mawe yakiporomoka, akageuka, akasimama haraka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana bibi."

"Umefiwa?"

"Hapana."

"Mkeo amekufukuza?"

"Hapana, bibi. Natunga."

"Unatunga nini, shanga?" Bibi Kristina alikaa juu ya jiwe kupumzisha mapafu. "Unajua hapa ulipoketi panaitwaje?"

"Sijui bibi. Mimi mgeni."

"Ndiyo maana nimekuja mimi, badala ya vijana na fimbo. Hapa ni Mlangoni. Upepo unaingilia hapa kuja kwetu. Tangu babu zangu, uwele ukiwa uwanjani, mtu haketi Mlangoni. Hata mchunga mbuzi akipita hapa hupita anakimbia. Wewe umekuja ukaketi katikati, ukaning'iniza na miguu, kama mtu anayezuia mlango wa mwenzake mpaka alipwe deni."

Simeoni alitaka kucheka, akaona uso wa bibi hauchekeki. "Lakini bibi, kweli mtu mmoja anaweza kuziba upepo? Kwa mgongo huu?"

"Mgongo huo? Hata kuku hawezi kujikinga mvua nyuma yake." Akavuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nilibatizwa kabla mama yako hajaota meno ya pili. Sisemi umeziba upepo. Upepo ni wa Mungu. Nasema hivi: kule chini kuna watu wenye njaa. Kila wakiinua macho kuutafuta upepo wanaona mtu aliyeketi. Sasa wewe msomi, niambie: wamfikirie vipi?"

Simeoni alitazama chini. Uwanja wa kupuria ulionekana kama sahani, na watu kama punje za uwele zilizomwagwa juu yake. Wote walikuwa wamesimama, na nyuso zote zimeelekea juu. Siku zote zile alitazama mbuga, na tai, na upeo wa macho. Uwanja ule ulikuwa chini ya nyayo zake, na hakuwahi kuutazama.

Uso ukamwaka moto. "Bibi," alisema, "wanishushe."

"Una miguu. Shuka."

Mwenyekiti Marko hakumkaripia. Alimtoza faini ya kijiji palepale uwanjani: atasimama safu ya mbele katika chungu iliyobaki ya masuke, wala hatapumzishwa kwa zamu kama wengine, mpaka suke la mwisho lipurwe. Watu wakaona ni haki. Lea akampa fimbo, ndefu, iliyopinda kichwani. Simeoni aliona mdomo wake ukichezacheza kwa kicheko.

Leonidas alikuwa upande wa pili. "Karibu, mzee wa bahari!" alinguruma. "Huku kwetu maji ni jasho. Ogelea!"

Kikundi kizima kikashangilia, na kazi ikaanza.

Huko Iramba uwele wa wengi haupurwi na mtu mmoja mmoja. Watu husimama safu mbili zinazotazamana, masuke yamelazwa katikati. Safu hii inapoinua, ile inashusha. Ukikosea zamu, fimbo zinagongana na mkono unakufa ganzi hadi begani. Kwa hiyo kila mtu anasikiliza. Mwanzoni Simeoni alikosea. Aligongana na Leonidas mara mbili, na Leonidas akafurahi sana. "Polepole, karani! Huku si kuandika barua!" Vumbi la makapi likamwingia shingoni, likamwasha kama upupu. Viganja vikaota malengelenge, malengelenge yakapasuka.

Halafu, bila kujua ni saa ngapi, alishtuka kwamba hakosei tena. Mikono ilikuwa imeshika njia yake yenyewe. Safu ya kushoto, po! Safu ya kulia, pu! Po-po-po-po, pu-pu-pu-pu, kisha tena vilevile. Nane huku, nane kule, na pumzi moja katikati, wakati wote wanaposogea hatua kando. Nane, pumzi, nane. Simeoni alihisi nywele zikimsimama. Alihesabu tena akidhani anajidanganya. Nane, pumzi, nane!

Ngonjera! Uwanja wote ulikuwa unasema ngonjera! Upande unauliza, upande unajibu, kwa mizani ileile aliyoihangaikia kwa wino, na watu hawa walikuwa wameibeba mikononi tangu hajazaliwa. Kilichokosekana ni maneno tu.

Hakuwa na kalamu, wala mkono wa kuishika. Akafungua kinywa, na sauti yake nyembamba, iliyokuwa haisikiki mkutanoni, ikapanda juu ya fimbo:

"Uwele huu wa nani—"

Po-po-po-po.

"—uliojaa uwanja?"

Lea, aliyekuwa safu yake, alimtazama, akacheka, akaurudia. Jirani yake akaurudia. Safu ya kushoto ikaupokea mstari kama ndoo ya maji inayopokezanwa kisimani. Simeoni akatoa wa pili. Ulimjia wenyewe, kabla hajaumaliza wa kwanza:

"Umetoka shamba gani, nani kwanza ameonja?"

"Sisi hatujaonja!" alipiga kelele mtu fulani kutoka nyuma. "Tuna njaa!" Watu wakacheka bila kukosea zamu. Simeoni akaendelea, macho yamemtoka, jasho linamtiririka:

"Fimbo zetu mikononi, jasho latoka viganja,
Tujibuni wa kulia, fimbo tusije kuvunja!"

Safu ya kulia ilipiga kimya kwa duru nzima. Pu-pu-pu-pu. Walikuwa wameulizwa mbele ya kijiji, na mtu aliyeulizwa hawezi kunyamaza. Macho yote yakamwendea Leonidas. Kifua kile kikapanda.

"Uwele huu ni wetu!" alinguruma Leonidas, na mbuzi waliokuwa karibu wakatawanyika. "Ni wetu… ni wetu…" Akakwama. "Simeoni! Nipe mkia wake, haraka!"

"Hauna jina la mtu!"

"Uwele huu ni wetu, hauna jina la mtu! Haya, mwingine!"

"Umetoka shamba letu, lililokuwa ni mwitu!"

"Kweli kabisa!" alisema Mwenyekiti Marko, ambaye alikuwa amesahau uenyekiti wake na kuingia safuni. "Visiki vile nilivichimba mimi!"

Hivyo ndivyo ngonjera ile ilivyotungwa, na hakuna karatasi iliyoguswa. Simeoni alitupa mstari, watu wakaupiga kwa fimbo. Uliokuwa mzito kusemeka ulianguka wenyewe, kwa sababu ulivunja zamu. Uliokuwa mwepesi ulibaki. Alitupa mmoja wenye "upeo wa macho". Fimbo tatu zikagongana. "Toa hiyo!" walipiga kelele pande zote mbili, akaitoa bila kinyongo.

Suke la mwisho lilipokwisha, wote walisimama wakihema. Bibi Kristina, aliyekuwa ameketi na nyungo zake pembeni, aliinua kidole kilicholowa mate.

Majani makavu ya mtama yakapiga kelele kidogo ukingoni mwa uwanja. Kisha vumbi likainuka, likajikunja, likaenda zake kuelekea Shelui.

"Nyungo!" alipiga kelele Lea.

Nani atasimulia furaha ile? Kina mama walikimbia. Miluzi ilipigwa kutoka kila kona, mirefu na mifupi, kwa midomo iliyopasuka kwa jua. Nyungo zikapanda juu ya vichwa, uwele ukamwagika kama kamba za mvua, na makapi yakaruka pembeni, mawingu kwa mawingu, yakimwangukia yeyote aliyesimama upande wa chini. Simeoni alikuwa upande huo. Alikuwa mweupe kutoka utosini hadi kwenye nyayo, anapiga chafya, anacheka, anapiga paja kofi. Mstari ulikuwa umekuja.

"Leonidas! Leonidas! Sikia mwisho wake!

Upepo wa mlangoni, huwapepetea watu,
Atakayeketi kando, hana lake hata kitu!"

Leonidas alimtazama mtu yule aliyejaa makapi. "Atakayeketi kando," alirudia polepole. "Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

Leonidas alicheka hadi akaegemea fimbo yake. "Basi huo nitausema mimi mwenyewe," alisema, "na nitakuonyesha kwa kidole."

Upepo ulirudi kwa sababu upepo hurudi. Sitamwambia msomaji kwamba mgongo wa mtu ulikuwa umeuzuia, wala sitamcheka aliyeamini hivyo. Ninachosema ni kwamba watu wa Itundu walikuwa na sheria ya kutoketi Mlangoni, na sheria ile ilimrudisha mtu mmoja kazini. Zipo sheria nyingi zilizoandikwa kwa mashine lakini hazifanyi hata hilo.

Mwenyekiti aliwaita kikundi na vijana wa mpira pamoja, akamuuliza Leonidas mbele ya wote kama ngonjera inasemeka.

"Nimekwisha isema mwenyekiti. Ulikuwa karibu yangu, ukipiga kelele za visiki."

Lori likawa lao. Liliwachukua alfajiri ya tarehe saba, likapanda Sekenke kwa gia ya kwanza, likizunguka kona zile huku abiria wakiimba, na kila mmoja ameshika fimbo yake ya kupuria. Simeoni alikaa juu ya gunia la viazi, kando ya vibuyu vya togwa, akitazama mbuga ikirudi chini, na kila kitu alichokiona kilikuwa na jina alilolijua.

Taabu ilianza mlangoni pa uwanja. Mgambo waliokuwa zamuni walikataa fimbo.

"Silaha haziingii."

"Hizi si silaha, ndugu, ni za kupuria uwele," alieleza Mwenyekiti Marko.

"Nimezaliwa Ikungi, nazijua. Nimeshapigwa nazo pia. Ziwekeni pale."

Wakaziweka. Nyuso zikawa ndefu. Huko ndani mambo yalizidi kuwa mabaya, kwa sababu kikundi cha mjini kilikuwa jukwaani, vijana waliovaa sare nyeupe, na walikuwa wanasema juu ya bahari. Walisema vizuri mno. Mawimbi yalipiga, minazi iliinama, waamuzi meza kuu wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Simeoni alishikwa na baridi. Akamvuta Leonidas mkono. "Unaona? Wanapenda bahari! Ule ubeti wangu wa mawimbi ninao kichwani. Tuutie mwanzo, mmoja tu—"

"Simeoni."

"Mmoja tu, kwa ajili ya meza kuu!"

"Simeoni!" Leonidas alishusha sauti, jambo ambalo Simeoni hakuwahi kulisikia. "Waangalie wale." Alionyesha, si meza kuu, bali watu waliokaa chini juani kuzunguka uwanja: wakulima wa Iramba, wa Ikungi, wa Mkalama, akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye fulana za chama. Walikuwa wanapiga miayo. "Wale ni nani?"

Simeoni aliwatazama. Aliona viganja vyao.

"Itundu!" iliita sauti ya kipaza sauti.

Wakaingia, safu mbili, mikono mitupu, wakatazamana. Simeoni, asiyewahi kusimama mbele ya watu, alijikuta safu ya kushoto pembeni mwa Lea. Miguu ilikuwa imemleta. Kwa sababu hawakuwa na fimbo, Lea aliinua mguu akakanyaga. Po! Safu ya kulia ikajibu. Pu! Vumbi jekundu likainuka, na upepo wa Singida, ambao haumwombi mtu ruhusa, ukalichukua na kulipeleka moja kwa moja meza kuu.

"Uwele huu wa nani, uliojaa uwanja?"

Mzee mmoja aliyekuwa akisinzia alifumbua macho. Leonidas aliponguruma "Uwele huu ni wetu!" mama mmoja upande wa Ikungi alipiga kigelegele, na kabla ubeti haujaisha, miguu ya watazamaji ilikuwa imeshika zamu: upande ule unakanyaga, upande huu unajibu. Uwanja mzima ulikuwa unapura uwele usiokuwepo. Kikundi cha Itundu kilisema beti zote, kikafika mwisho, na Leonidas akamwonyesha Simeoni kwa kidole mbele ya mkoa mzima kama alivyoahidi, watu wakavunjika mbavu, kisha wakadai irudiwe. Mwamuzi mmoja alisema muda umekwisha. Hakusikika. Ikarudiwa.

Kombe lilikwenda kwa vijana wa sare nyeupe. Itundu walipewa nafasi ya pili. Leonidas alinung'unika kidogo, kisha akaona viazi, akaacha.

Simeoni alikuwa akinywa togwa kando ya lori, mama mmoja wa makamo alipomjia. Alikuwa Mnyaturu, amefunga mtoto mgongoni kwa khanga iliyopauka.

"Wewe ndiye uliyeyatunga yale?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni wa kwetu. Wa upande gani, Ihanja?"

"Hapana, mama. Mimi Mnyiramba. Huko Ihanja sijafika hata siku moja."

Mama alimpima kwa macho kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayempima mbuzi sokoni, halafu akatikisa kichwa.

"Usinidanganye, baba," alisema. "Umefika. Ulitukuta tunapura."